Safu Sawa za 10,001

Jirani yangu hapa Kitengela anajenga, na mafundi wanapomwagia mawe maji asubuhi, harufu ya vumbi lililolowa huingia hadi jikoni kwangu. Chai hunipolea mkononi. Ndiyo harufu aliyokuja nayo baba kila jioni kutoka machimbo ya mawe.

Nilikuwa darasa la sita, na hesabu zilikuwa zimenishinda kabisa. Mwalimu alikwisha kuniweka kwenye orodha ya watakaorudia darasa, na aibu hiyo iliniuma kuliko kiboko. Siku moja aliandika 10,001 ubaoni, akasema namba hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Atakayeigawanya, akatania, jina lake litafutwa kwenye orodha. Wenzangu walicheka. Mimi nilinakili.

Nilimpelekea baba kesi hiyo hata kabla hajanawa miguu. Machimboni walipanga mawe kwa safu zilizo sawa, ili mwenye lori aone idadi kwa kutupa jicho tu.

"Hakuna mawe haipangiki, mama," akaniambia. Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ukiona imebaki moja, badilisha safu."

Tukabadilisha. Kwa tatu, zikabaki mbili. Kwa saba, tano. Baba aliishia darasa la nne, nami sikumpita kwa mengi, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mbili ikishindwa, nne nayo haina haja ya kujaribiwa. Tulizijaribu zote, moja baada ya nyingine, jioni baada ya jioni, muthokoi wa mama, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukipoa kwenye sahani. Mpaka tukafika sabini na tatu. Nikapata 137, na hakikubaki kitu. Nilirudia mara tatu kwa woga.

Mwalimu alizidisha mwenyewe ubaoni, 73 kwa 137, kisha akachukua kalamu akafuta jina langu. Mtihani wa mwisho wa mwaka niliupita bila msaada wa mtu. Baada ya kugawanya mara sabini na mbili, hesabu gani ingenitisha tena?

Leo nafundisha hesabu, na najua kwamba baba alikosea. Namba zisizopangika zipo, tena hazina mwisho. Mwalimu angeandika 10,007, tungekaa pale bure, nami ningerudia darasa. Krismasi iliyopita nilimweleza hayo nikimmiminia chai. Nilidhani atabisha.

"Hiyo yako nilijua imekataa tangu tufike thelathini," akasema. "Lakini niliona umeanza kugawanya bila kuniuliza. Nikasema wacha tuendelee."

Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa akiitazama namba. Nilimwambia naenda kuangalia kuku, nikatoka nje, nikalia kwa furaha.