Mshono wa Mchuma Chai

Mashine za kuchuma chai zilipoingia katika shamba nililokuwa nikifanyia kazi, mikono yangu ndiyo iliyokasirika kwanza. Nilikuwa mchumaji mwepesi, wala sijisifu bure. Hata walionichukia walikubali. Sasa mikono hiyo ilizunguka nyumbani ikitafuta ugomvi. Ilifua nguo safi, ikapalilia magugu ambayo hayajaota. Mume wangu akaanza kutaja habari ya kurudi kwa wazazi wake, kwenye vilima walikotoka baba zetu, ambako shamba limegawanywa hadi mipaka ni mingi kuliko mahindi. Mimi nimezaliwa hapa karibu na Kapkatet. Sikutaka kwenda popote. Lakini kutotaka hakujazi sufuria, na bila kazi nyingine tungehama tu.

Nikaenda kwa mzee anayeshona viatu sokoni, nikamwomba anifundishe. Alinitazama mikono kwanza, kisha akanipa sindano yake ya zamani. Si sindano ya nguo hiyo. Ina mpini wa mbao unaojaa kiganja, na karibu na ncha ina ndoano ndogo. Unatoboa ngozi, mkono wa chini unatundika uzi kwenye ndoano, unavuta kitanzi kije juu, unapitisha ncha ya pili ya uzi ndani ya kitanzi, unakaza. Kusema ni rahisi. Mwanzoni nilitoboa vidole vyangu zaidi kuliko nilivyotoboa ngozi, na mzee akawa ananiuliza kama ninajishonea glavu.

Kazi yangu ya kwanza ililetwa na jirani, mama Mkipsigis ambaye punda wake hubeba maziwa kila asubuhi hadi kwenye mtambo wa kuyapoza. Alitaka mkanda wa kushika mzigo, unaopita kifuani na tumboni, ngozi ya ng'ombe kwa nje, turubai kwa ndani ili punda asichubuke. "Ukinishonea vizuri," alisema, "wenye punda wote wataona. Wataniuliza nimetoa wapi." Nilimsikia vizuri sana. Wenye punda huku ni wengi, na mikanda yao mingi ni kamba na maombi.

Nilishona kwa moyo wangu wote. Mishono ilikaa karibu karibu, midogo, imebanana, mpaka nikamwonyesha mume wangu, halafu nikamwonyesha tena alipojifanya hajaona.

Wiki haikuisha. Jirani alikuja mlangoni na mkanda mkononi, umekatika vipande viwili. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Imekatika kwa mteremko wa mto," alisema. "Maziwa yote ya leo imemwagika. Punda haijaumia, tushukuru Mungu. Lakini sasa, mama, nitafungia na nini?"

Niliona haya hadi masikio yakanichoma. Nilimpa pole, na alipoondoka nikamwona mume wangu akiangalia paa la nyumba yetu kama mtu anayehesabu mabati ya kubomoa.

Nikaenda sokoni nikiwa tayari kugombana na mzee juu ya uzi wake. Mzee aliugeuza mkanda, akauvuta uzi. Uzi ulikuwa mzima kabisa. Ni ngozi iliyochanika, ikafuata matundu yangu moja kwa moja, jinsi karatasi inavyochanika pale ilipotobolewa. Akacheka mpaka akaweka kiatu cha mteja chini.

"Mama, hii ngozi umeichuma," alisema. "Hujaishona. Kila tundu inakula ngozi. Acha nyama katikati ya tundu na tundu, hiyo nyama ndiyo inashika mzigo."

Nilikasirika, kisha nikaelewa, kisha nikakasirika tena kwa sababu nilielewa. Sisi wachumaji tulifundishwa kutoacha kitu nyuma. Majani mawili na chipukizi, na ukisahau hata chipukizi kimoja, nyapara anakurudisha kwenye kichaka kile mbele ya watu. Nafasi tupu, kwangu mimi, ilikuwa uvivu. Nilipojaribu kuruka kidogo kati ya tundu na tundu, mkono uliwasha, ukataka kurudi kujaza.

Mzee alisema mkono usioaminika upewe kipimo. Nyumbani tulikuwa na uma mmoja wa kulia, uliokaa kabatini ukimsubiri mchungaji, maana sisi ugali tunaula kwa vidole tulivyopewa na Mungu. Nikautoa. Nilibonyeza meno yake kwenye ngozi mpya, nikapeleka jino la kwanza kwenye alama ya mwisho, nikabonyeza tena, hadi mkanda wote ukawa na alama zilizoachana sawasawa. Kisha nikatoboa penye alama tu. Ilionekana kazi ya mtu mvivu. Niliuma meno nikaiacha hivyo hivyo.

Jirani alikuwa anamfungia punda mzigo kwa kamba, na kifua cha mnyama kilikuwa kimeanza kuchubuka. Aliukunja mkanda mpya, akaukunjua, akanitazama.

"Nitajaribu," alisema. "Lakini kesho twende na wewe."

Asubuhi kulikuwa na umande na matope. Punda alibeba mitungi iliyojaa. Tulipofika kwenye mteremko, jirani aliweka kiganja juu ya mkanda, na mimi nikafuata nyuma nikitaka kuomba na maneno yakinikimbia. Mitungi ilisukuma mbele. Ngozi ilijinyoosha, ikalia kidogo, ikatulia. Tukavuka daraja. Kupanda upande wa pili ni kubaya zaidi, na kiganja chake bado kilikuwa pale pale.

Katikati ya mlima tulikutana na mama mwingine anayepeleka maziwa. Jirani akatoa mkono kwenye mkanda ili amsalimie. Wakashikana mikono, wakaanza habari za binti wa yule mama, anayesoma chuo kule Kabianga, kwamba anadai amekonda, na picha zinasema vingine. Walicheka wakatangulia. Ule mkono haukurudi kwenye mkanda. Walimsahau punda, wakanisahau na mimi, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kusahauliwa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba hatuhami.