Fundi Aliyesoma Namba Kabla ya Kuchomoa

Aliyenipigia simu kunipa habari kwamba fundi wetu wa kompyuta wa Korogwe amefariki ni mtu ninayemwamini kiasi, yaani kiasi kile kile ninachomwamini mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana nilipomaliza kuongea naye nikapiga namba ya marehemu mwenyewe. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua. Nikiambiwa mvua inanyesha, natoa mkono dirishani. Simu iliita kwa muda, ikapokelewa na bintiye mkubwa, akasema, "Shikamoo baba. Ni kweli. Mama hayupo." Nikakaa chini. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, lakini kila tulipokutana, iwe Handeni au Korogwe, tulisimama tukaongea mpaka watu wakatuuliza kama tuna kikao. Nilimpenda kwa sababu ambayo huenda si nzuri: ndiye binadamu pekee niliyewahi kukutana naye anayeshuku mambo kunizidi mimi.

Tulimzika kwao, Mpale. Nilipanda na bodaboda kutoka Korogwe, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi ya mlimani, na kabla hata sijapata mahali pa kukaa kwenye mkeka nikajua kwamba msiba ule una jambo. Watu walikuwa wanaongea kwa mafungu mafungu na kunyamaza wakipita watu fulani. Pembeni ya jiko la msiba alikaa mwanamke mmoja peke yake, kajitanda kanga, na wanawake wenzake walikuwa wanapika bila kumpa hata kisu cha kumenyea. Huyo alikuwa wifi wa marehemu. Nieleze kidogo, maana hapo ndipo maneno yalipoanzia. Fundi aliachika zamani, mume akaenda zake mikoa ya mbali na kuoa kwingine, lakini dada wa mume hakuondoka. Alibaki pale Korogwe mjini kwa wifi yake, wakalea watoto pamoja, mmoja akizunguka na mkoba wa vifaa na mwingine akishinda nyumbani. Watu hawakuuelewa undugu wa namna hiyo hata marehemu alipokuwa hai. Sasa kafa ghafla, usiku ule ule alipokula makande yaliyopikwa na wifi, na mtu asiyeelewa jambo hakosi la kusema.

Mjomba wa marehemu, mzee mkali anayeheshimika na ukoo mzima, ndiye aliyenivuta pembeni baada ya kutoka makaburini. "Wewe ni mwandishi," akaniambia, "unajua dunia. Mtu mzima mwenye nguvu zake anakula makande saa mbili, alfajiri maiti. Nyumba ipo, watoto bado wadogo. Nani anabaki na nyumba?" Nikamuuliza wameamua nini. Akasema wifi atafungasha virago vyake baada ya khitma, asikanyage tena pale mjini, na watoto watagawanywa kwa ndugu: mkubwa abaki Mpale, wadogo waende Handeni kwa mama yao mdogo. Sitawadanganya. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupiga hesabu hiyo hiyo, na nilimwangalia yule mwanamke pale jikoni kwa jicho ambalo nisingependa niangaliwe nalo. Ila nilikuwa msibani kwa mtu aliyenifundisha kitu kuhusu hesabu za namna hiyo, nikamwomba mjomba tukae nimsimulie kisa kimoja cha mpwa wake. Akasema hana haja ya hadithi. Nikamwambia hii si hadithi, ni kazi aliyoifanya mbele ya macho yangu. Akakaa.

Ilikuwa Handeni mjini, katika ofisi ya wapima ardhi binafsi. Nilikwenda pale nikifuatilia mgogoro wa mpaka wa mashamba ya Kwamsisi uliokuwa unasubiri kusikilizwa na baraza la ardhi. Mnajua utaratibu wa huko: shamba likipimwa, majirani wa kila upande huitwa wasimame mpakani, kila mtu kwenye kona yake, wapigwe picha wakiwa wamesimama hapo hapo, ili kesho asije mtu kusema hakuwepo. Picha hizo na vipimo vyake ndivyo vilivyokuwa ushahidi, na vyote vilikuwa ndani ya kisanduku kimoja cha kuhifadhia kumbukumbu kilichowekwa juu ya stuli nyuma ya meza ya bosi. Na kisanduku kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Nje kwenye benchi walikaa wakulima wa Kwamsisi waliokuja kuchukua nakala zao, na walikuwa wameshahukumu. "Wamekula," mmoja akaninong'oneza. "Hiyo taa wameiwasha wenyewe." Nilimwamini papo hapo, maana ndivyo nilivyo.

Fundi alipoingia hakumsalimia mtu sana. Aliweka mkoba chini, akainamia kisanduku, akasikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa. Akatueleza, kwa sauti ya mtu anayejua na asiyeona haya kujua, kwamba ndani mle kuna diski zimesimama bega kwa bega, na zimepangwa kusaidiana. Kila moja inabeba mzigo wake na inabeba pia kidogo cha wenzake, hivyo moja ikifa zilizobaki zinaweza kukumbuka alichokuwa anabeba marehemu. Lakini hapo zinakuwa zimeelemewa. Ukiondoa na nyingine kabla aliyekufa hajapata wa kushika nafasi yake, basi hakuna anayekumbuka kitu. Bosi akasema afadhali, imekufa moja tu, mashine yenyewe imesema ni ya tatu, na diski mpya ipo tayari. Diski zote zilikuwa na vikaratasi vya namba mbele, vimeandikwa kwa kalamu nene. Bosi akanyoosha kidole kwenye ile iliyoandikwa tatu. "Chomoa hiyo dada, watu wanasubiri." Benchi lote la nje lilikuwa limehamia mlangoni.

Hakuchomoa. Akauliza nakala nyingine iko wapi. Bosi akatoa diski ya pembeni iliyofungiwa kabatini, na ikaonekana haijawekewa kitu tangu kabla ya Kwamsisi kupimwa. Fundi akaguna, akasema basi leo hatugusi kitu mpaka tuwe na nakala, akaanza kunakili picha na vipimo vyote wakati kisanduku kingali kinatembea. Hiyo peke yake ilikula asubuhi nzima. Wakulima wakazidi kuchemka. Mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu naye kapangwa, anavuta muda ili ushahidi ufe wenyewe. Fundi akamgeukia bila hasira. "Mzee, shikamoo. Unanishuku mimi, sawa. Mimi naishuku hii karatasi. Tuone nani kati yetu yuko sahihi." Kisha akaeleza kwamba kila diski ina namba yake iliyochapwa kiwandani, ambayo haibandukiki, na mashine inaijua. Akaiuliza mashine namba ya ile iliyokufa. Akaiandika mkononi mwake kwa kalamu. Akachukua tochi ya simu, akamulika ubavuni mwa kila diski, moja baada ya nyingine, akilinganisha na kiganja chake.

Namba ya diski iliyokufa haikuwa kwenye ile iliyobandikwa tatu. Ilikuwa kwenye ile iliyobandikwa moja. Ile ambayo bosi alitaka ichomolewe ilikuwa nzima, inabeba mzigo wake na wa mwenzake, na ingetolewa kabla ya kunakili, mashamba ya watu wale yangebaki maneno matupu mbele ya baraza. Bosi aligeuka rangi. Na hapo hapo shuku ikapata pa kukaa: kuna mtu amebadilisha vikaratasi makusudi. Macho yote, yangu yakiwemo, yakaenda kwa dada wa usafi aliyekuwa amesimama na ndoo mlangoni, kwa sababu ilijulikana kwamba baba yake mdogo yuko upande wa pili wa mgogoro. Bosi akaanza, "Kumbe ni wewe..." Fundi akamkata, akamgeukia yule dada na kumuuliza jambo dogo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Mdogo wangu, ulifuta vumbi humu?" Dada akasema ndiyo, kiangazi kile vumbi jekundu lilikuwa limejaa mpaka ndani, na bosi mwenyewe aliagiza kisanduku kizimwe kisafishwe. Alizitoa diski zote, akazifuta kwa kitambaa, na kuzirudisha. Vikaratasi vilikuwa vimebanduka kwa kufutwa, akavibandika upya. Hakuna aliyemwambia kwamba namba ile ina mwenyewe. Bosi akakumbuka. Ni kweli aliagiza.

Baada ya hapo kazi ikaenda polepole kama fundi alivyopenda. Alivuta ile iliyokufa kidogo tu, akaiacha ikae mpaka akaridhika kwamba imetulia ndani na haizunguki, ndipo akaitoa yote. Akasoma namba tena, mara hii akamwambia bosi aisome kwa sauti. Akalinganisha ukubwa wa mpya na wa wenzake. Akaisukuma ndani mpaka ikakaa, mashine ikaanza kuijaza. Wote tukasimama tukidhani yamekwisha. Akavuta kiti. "Bado," akasema. "Saa hizi ndiyo hatari kuliko zote. Hawa waliobaki wanafanya kazi ya kumkumbuka mwenzao na kumfundisha mgeni, na wamechoka. Hakuna kuzima, hakuna kugusa, hakuna kuhamisha stuli." Akamwita yule dada wa usafi, akamkabidhi ulinzi wa swichi ya ukutani. Kesho yake kazi ilikuwa imekamilika na taa imerudi kijani, na wale wa Kwamsisi walipokwenda barazani walikwenda na picha zao.

Nilipofika mwisho mjomba alikuwa ananitazama kwa jicho bovu. "Sasa diski ndiyo nani? Wifi?" Nikamwambia sijui, ndiyo maana nauliza. Nilichojua ni kwamba nyumba ile imeshapoteza mmoja, na waliobaki kila mmoja amebeba kuzidi uwezo wake. Akitolewa wa pili asiye na hatia, wale watoto hawatakuwa na mtu wa kuwakumbusha mama yao alikuwa nani. "Sumu inaweza kuwekwa kwenye sahani moja," mjomba akasema. Nikakubali, inaweza, mimi mwenyewe nilishaifikiria. Basi tuulize sahani ilikuwa ya nani. Akamwita binti mkubwa, akamuuliza kwa Kishambaa, kisha akarudia kwa Kiswahili kana kwamba anataka nishuhudie. Binti akajibu kwamba hapakuwa na sahani. Walikula sinia moja, mama, shangazi na watoto wote, kama kila siku, na mdogo ndiye aliyemaliza kwa kukomba. Halafu akaongeza jambo ambalo hatukumuuliza: kichwa kilikuwa kinamuuma mama wiki nzima, na shangazi aligombana naye kwa sababu vidonge vya presha alikuwa ameviacha, anasema ana kazi nyingi, atakwenda kliniki akimaliza.

Hapo niliumia kweli, na naumia ninapoandika. Mwanamke yule aliyekataa kuamini karatasi, taa, bosi na benchi zima la wakulima, aliamini kichwa chake kilipomwambia kwamba kitapoa chenyewe. Kesho yake asubuhi mjomba aliteremka Korogwe, hospitali, akamtafuta daktari aliyempokea mpwa wake, akamuuliza ana kwa ana. Aliambiwa ni kiharusi, alifika mdomo umeshapinda. Mzee akauliza tena, kwa namna nyingine, akajibiwa vile vile. Mimi ningeuliza mara ya tatu, na nadhani aliuliza, ila hakuniambia.

Kushuku hakujawahi kunitoka na sitegemei kwamba kutanitoka sasa. Wilaya zetu hizi, Handeni na Korogwe, mtu asiyeshuku anauziwa shamba lenye mwenyewe. Lakini nimejifunza kwa marehemu kwamba kushuku ni mwanzo wa kazi, siyo kazi yenyewe. Yeye alishuku kila kitu na hakumtoa mtu hata mmoja mahali pake kabla ya kuuliza na kusoma namba. Sisi wengine tunashuku tukiwa tumekaa kwenye mkeka, halafu tunanyoosha mkono kuchomoa, na anayechomoka mara nyingi ndiye aliyekuwa ameshikilia.

Siku ya khitma nilipanda tena Mpale. Watu walikuwa wengi, maneno yale yamepungua ila hayajaisha, maana bado niliona mafungu mawili matatu yakinyamaza nilipopita. Mjomba alikuwa amekaa na wazee wenzake mbele ya sinia tupu. Akapaza sauti kuelekea jikoni ili kila mtu asikie. "Mwiteni wifi yetu atupakulie yeye. Na awaandae watoto, kesho wanarudi naye mjini." Yule mwanamke akaja na sufuria ya makande, akapakua mpaka sinia likajaa, na mzee akawa wa kwanza kuingiza mkono. Mimi, kwa tabia yangu, nilisubiri kwanza ameze. Kisha nikanawa.