Ukuta wa Tope la Sabaki

Mwanangu, naweza kusahau nilikoweka miwani yangu, tena naisahau kila siku, lakini asubuhi ile ya pale mtaani Kisumu Ndogo, Malindi, siisahau. Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi msichana tu, nauza mahamri na mbaazi mkabala na duka la Bwana Seif, na mto Sabaki ulikuwa umetoka kufurika. Usiudharau mto ule. Ulimeza vijiji vya kandokando, mashamba, mbuzi, hata makaburi, na bahari ya Malindi ikawa nyekundu mpaka jicho linapoishia.

Waliookoka walikuja mjini kwa jamaa zao. Mmoja wao alikuwa Karisa, kijana mchoraji wa mabango ya maduka. Bwana Seif akamwagiza amchoree ukutani chupa za soda na mikate. Karisa akachora kijiji chao kilichozama! Mto hakuupaka rangi ya dukani. Alikwenda akachota tope la Sabaki lenyewe, akalichanganya na gundi, akaupaka. Subhanallah! Mwili ulinisisimka. Ungedhani maji yanakujia.

"Karisa, nimekuagiza soda, wewe waniletea gharika?" Bwana Seif alifoka. "Kesho napaka chokaa, picha hiyo siitaki!"

Lakini habari zilishawafikia watu wa mtoni. Walikuja jioni ileile, wakamkosoa Karisa bila huruma. "Mnazi wangu haukuinama hivyo!" "Zizi langu liko wapi?" Naye akifuta, akichora upya, wala hakuudhika. Watu wazima, mwanangu, walisimama pale wakiigusa minazi yao kwa vidole.

Kulipokucha akaja Hawe Kadzo. Hawe ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Alikuwa mjane, na kila alipokuwa na jambo zito alikwenda kwenye koma ya mumewe, kile kigingi cha mti kinachosimikwa kwa ajili ya marehemu, akamwaga tembo kidogo, ile pombe ya mnazi, akazungumza naye. Kigingi kilikwenda na maji. Tangu hapo hakupata pa kusema na mumewe, na chakula kilimshinda. Alikuwa anakwisha, sote tukimwona.

"Mjukuu wangu," alimwambia Karisa, "na mume wangu umemweka wapi?"

"Sikujua koma yake ilipokuwa, Hawe. Nionyeshe."

Akachovya kidole kwenye tope, akavuta mstari mfupi chini ya mnazi mmoja. Kisha akaketi. "Nimekutafuta," alisema. "Maji yalinifungia njia." Akatoa kibuyu, akamwaga tembo palepale, mlangoni pa Bwana Seif, mtu asiyekosa sala hata moja!

Nilishika kichwa. Bwana Seif alikuwa amesimama na ndoo ya chokaa mkononi. Alimtazama mama yule, akautazama ukuta, na machozi yakamlengalenga. Akaiweka ndoo chini.

"Mama, maliza mazungumzo yako, hakuna wa kukuharakisha," alisema. "Karisa, soda utanichorea upande wa pili."

Wallahi nililia. Hawe alipoinuka alivuka njia, akaomba mbaazi. Alikula, akaongezwa, akala tena.

Basi nisikilize. Mtu aliyepoteza mahali pake usimhimize asahau. Mpe pa kuelekeza uso. Na wewe uliyejaliwa mkono wa kuchora, usituchoree bahari ya kuwapendeza wageni peke yake. Tuchoree na vilivyokwenda: mikoko iliyokatwa, ufuo unaoliwa, mashamba yaliyosombwa. Lakini waulize kwanza wenyewe. Wakikukosoa, futa, uchore tena. Maji ya Sabaki yamerudi mara nyingi nikiyaona, na yangali yanarudi.

Mungu akulinde nayo, mwanangu, autie baraka mkono wako. Na siku utakapolilia chako kilichopotea, akuletee mtu wa kukuuliza kilikuwa wapi.