Pima Thelathini za Hamad Ahmada

Hamad bin Ahmada bin Wakil, wa Kizimkazi Dimbani. Babu yake, Wakil, alikuwa mvuvi wa papa, na mafuta ya papa wake yalipakwa vyombo vyote vya baharini kutoka kwetu hadi Makunduchi. Baba yake, Ahmada, alivua papa wengi zaidi, kwa kuwa alijua kuwapata pomboo, na nyama ya pomboo ndiyo chambo ambacho papa hakiachi. Hamad mwenyewe alishika chusa cha pomboo akiwa na miaka kumi na saba, kisha akaja kuwa wa kwanza Dimbani kumpakia mgeni kwenda kuwatazama. Mimi ni dada yake kwa baba. Ya pwani niliyaona, na ya baharini alinihadithia mwenyewe, naye si mtu wa kuongeza.

Namna ya baba ilikuwa hivi. Ngalawa tatu zinatoka pamoja. Moja inakwenda kuwakata pomboo mbele, mbili zinawabana ubavuni. Pomboo ni kama sisi, anavuta pumzi juu ya maji. Akizungukwa huzama, akarudi, akazama tena, na kila akirudi pumzi imezidi kuwa fupi. Baba alikuwa akihesabu. Mara ya sita ndipo chusa kinapotupwa.

Wageni walipoanza kuletwa na magari kila asubuhi kutoka mahoteli ya Mji Mkongwe, chusa kikawekwa kando. Bahari yetu ikawa hifadhi. Watu walijenga, watoto wakasoma, na mimi sitosema kuwa mambo hayo yalikuwa mabaya. Lakini mgeni anataka kumwona pomboo karibu, na ikiwezekana aogelee naye. Kwa hivyo manahodha wakafanya walichokijua. Boti moja ilikwenda kukata mbele, nyingine zikabana ubavuni. Aliyewaonyesha ni Hamad, miaka ya mwanzo, wala hakufikiri kama anafundisha kitu.

Siku moja ya Agosti boti zilikuwa kumi na nne juu ya kundi moja. Katikati alikuwamo pomboo jike na mtoto wake, akimsukuma kwa pua ili apate pumzi. Wageni wanapiga makofi. Hamad akajikuta anahesabu bila ya kutaka. Ya nne. Ya tano. Ya sita mkono wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka juu, mtupu.

Akazima mashine. Wageni wake walimuuliza kuna nini, akawaambia imepata moto. Ndio uongo wake pekee ninaoujua.

Mwezi haukwisha, boti akaiuza. Akapanda darini akauteremsha mshipi wa kuvulia papa wa marehemu baba, akaupima kwa mikono pima thelathini, akafunga galoni tupu jeupe la kuelea kwenye ncha. Watu wa hifadhi walikuwa wameshasema boti zikae mita hamsini, ila juu ya maji hakuna anayeziona mita hamsini, na kila nahodha alikuwa na zake. Galoni linaonekana. Hamad alitaka atangulie asubuhi kwa ngalawa, akae karibu na pomboo bila ya mashine, mshipi ukielea, na boti zisimame kwenye galoni, mbili mbili, zimezima.

Aliyaeleza hayo dikoni, samaki wanapouzwa. Mudrik, aliyekuwa na boti yenye mbio kuliko zote, akadakia.

"Ami, pomboo wamekuwa hospitali? Tupange foleni, tungoje kuitwa majina?"

"Mtapanga. Pomboo akitaka kuja, njia anaijua."

"Na asipotaka?"

"Basi mgeni atakuwa ameitazama bahari."

"Mgeni hakupanda ndege kuja kutazama galoni lako, ami."

Diko zima likacheka. Tangu siku ile hata watoto walimwita Bwana Galoni. Mwaka mzima zilisimama boti mbili tu, nyingine zikimpita na kumlowesha. Nilimwambia arudi akae nyumbani. Akasema wakihama pomboo hawa hatakuwepo wa kuwarudisha, na yeye alishawaua wa kutosha.

Mwaka wa pili, baada ya Idi, pomboo hawakuonekana siku kumi na tisa. Boti zilirudi na wageni waliobabuka kwa jua, hawakuona hata pezi. Mudrik alikwenda mbali mpaka maji meusi, akawakuta, wakamkimbia. Siku ya ishirini jike mmoja na mtoto wake waliibuka kando ya ngalawa ya Hamad. Mudrik alikuwa anakuja kwa kasi. Alipofika kwenye galoni akazima.

Hamad hakugeuka kumtazama. Pomboo walizunguka pale kitambo, kisha wakapita chini ya mshipi wenyewe, wakaibukia ubavuni mwa boti ya Mudrik.

Mchana Mudrik alikuja nyumbani. "Shikamoo, ami. Mshipi wako mrefu."

"Marahaba. Uzoee."

Sisemi wanasimama wote. Zipo boti za kutoka kwingine ambazo hazijui adabu. Lakini za Dimbani nyingi husimama, na pomboo wapo.

Mwaka huu macho ya Hamad yamefunga ukungu, haoni tena pezi. Binti yake Salhiya anamtaka ahamie kwake Kiembe Samaki, mjini, karibu na daktari. Kabla ya kuondoka alimwita Mudrik uani kwangu, nami nilikuwa napaa samaki magamba. Akampa mshipi na galoni.

"Ami, mie nina boti. Ataendesha nani?"

"Boti haikosi nahodha. Galoni ndilo lisilo na mtu."

"Watancheka."

"Mie walinicheka miaka miwili. Wewe utapata mwaka mmoja, maana aliyekuwa akiwachekesha hatokuwepo dikoni."

Mudrik akanitazama. Nikaendelea na samaki wangu.

"Kila mwezi ukiandama uupime," Hamad akasema. "Mshipi ukilowa na kukauka hufupika, na nahodha naye anataka ufupike. Upime hapa, mbele ya dada. Anza."

Mudrik akatanua mikono, akahesabu kwa sauti. Mshipi ukaisha kwenye ishirini na tisa.

"Umepungua," akasema.

"Haukupungua. Mikono yako mirefu kuliko yangu. Ongeza pima moja, na kesho alfajiri utangulie."