Kijino cha Mbele ya Bastola

Asubuhi hiyo tulikuwa tukipura mtama nyumbani, karibu na Ishiara, mimi na Wanja, mke wa kaka yangu Njeru. Nilikuwa gadi wa chifu, askari wa upande wa serikali ya kikoloni, na sikuivua bastola hata nikipura. Njeru alikuwa msituni na wapiganaji, mwaka wa pili huo. Hali ya Hatari ilitugawa hivyo, watoto wa tumbo moja.

Wanja alingoja mama aende mtoni.

"Shemeji, kaka yako anatoka msituni. Atakuja kambini kwenu Ijumaa, upande wa soko, na tawi bichi mkononi. Waambie wenzako wasimguse."

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba anayejisalimisha na tawi bichi hapigwi risasi. Nilimwahidi, nikaenda kazini nikicheka peke yangu kwa furaha. Lakini sikumwambia mtu. Niliogopa kuulizwa nimejuaje. Nilijiambia nitasema Alhamisi.

Sajini wetu, Mmeru wa Kianjai, alikuwa amenifunza shabaha. Mwanzoni nililikosa debe kwa hatua ishirini, risasi zikaishia kwenye vichuguu, wenzangu wakanicheka.

"Wewe, wacha kuangalia debe!" alinifokea. "Macho ikae hapa, kwa hii kijino ya mbele, juu ya mdomo wa bastola. Debe itakuwa ukungu. Wacha ikuwe."

Nilihangaika wiki mbili, maana jicho hutaka kumwangalia yule unayemlenga. Mwishowe likatii. Kijino kilionekana wazi mpaka mikwaruzo yake, debe likafifia, na kila risasi ikatoboa. Nilijivunia, sifichi.

Jumatano adhuhuri mlinzi alipiga filimbi.

Mtu alitoka vichakani, upande wa mto. Hatua ishirini na tano.

Aliinua mkono.

"Piga!" sajini akapaza sauti.

Nilikitazama kijino. Nyuma yake palikuwa na kivuli cha mtu, na nyuma ya mtu kijani tupu.

Nikafyatua mara mbili.

Tulipomfikia alikuwa Njeru, ameangukia tawi la mti wa mukau lenye majani mabichi. Baadaye tulisikia kwamba wenzake wa msituni walikuwa wameanza kumshuku, ndiyo maana akawahi kutoroka. Sajini alinisifu, akasema matundu yote mawili yanafunikwa na kiganja kimoja. Mwili hawakutukabidhi, na sijui walimzika wapi.

Nilimwapia Wanja kwamba sikumwona Njeru. Hakulia mbele yangu.

"Hatua ishirini na tano, mchana," alisema. "Kama hukumwona yeye, ulikuwa unaangalia nini?"

Mashamba yetu bado yanapakana. Tumezeeka tukisalimiana, amelea watoto wake watatu peke yake, na kosa langu la kutowaambia wenzangu nimekwisha kulikiri kwake. Swali lake tu ndilo limenishinda. Sijui nitaanzia wapi kumwambia mke wa kaka yangu kwamba nilikuwa naangalia chuma.