Kiboko Kwenye Chupa ya Alizeti

Mama mmoja wa Bonga, mkamuaji wa mafuta ya alizeti, alikuja dukani kwangu Maisaka, ninapochapa kadi na mabango, akaniomba nimchoree nembo ya chupa zake. Ilinisumbua. Ua la alizeti kila mtu anachora. Mwishowe nikachora kichwa cha kiboko, kama wale wa ziwa letu la Babati, kikitokeza majini, na ua likichomoza nyuma yake kama jua. Mama alipoiona akacheka kwa furaha. "Mwanangu, hii ni ya Babati kabisa."

Miezi ikapita. Siku moja sokoni nikamkuta kiboko wangu kwenye chupa za mfanyabiashara mwingine. Hata sikio nililolikosea, likawa kubwa kuliko jingine, lilikuwepo vilevile. Nikamuuliza kwa upole nembo ile ameitoa wapi.

"Mtandaoni, dada. Picha za mtandaoni si za wote?"

Mama alitaka twende polisi. Nikamshawishi twende kwanza kwa wakili, dada mmoja mwenye ofisi karibu na stendi. Alitueleza kwamba mchoro unalindwa na sheria ya hakimiliki tangu unapochorwa, na kwamba rasimu zilizobaki kwenye kompyuta yangu zingenisaidia kuthibitisha. Kusajili alama ya biashara, akasema, ni jambo jingine. Kisha akauliza, "Sasa kati yenu ninyi wawili, nembo ni ya nani?"

"Yangu," tukajibu kwa pamoja.

Tukatazamana. Hatukuwahi kulizungumza. Mama akasema, "Mimi naijua kwa chupa zangu. Lakini kuichora, umeichora wewe." Tukakubaliana, na wakili akatuandikia: yeye aitumie kwenye mafuta yake, mimi nitambulike kuwa mchoraji, na asiwepo wa kuibadilisha bila mwenzake kujua.

Wakili alipompigia simu yule mfanyabiashara, alikuja mwenyewe dukani.

"Nisamehe, dada. Sikuwaza kama kuna mtu aliyekaa chini akaichora."

Niliona anasema kweli, hasira ikapungua. Alibandua lebo zote, akaniomba nimchoree yake. Nilikubali, lakini hakurudi. Nasikia alikwenda kuchorewa Arusha. Chupa zake sasa zina picha ya ng'ombe. Mafuta bado ni ya alizeti.