Siku Trekta la Mzee Nassoro Lilipogoma na Dada Vero Yuko Kwenye Tela

Enzi zetu sie tuliokulia nyuma ya kilima cha Wazo, kabla lami haijatufikia, hatukuamshwa na jogoo wala simu. Tuliamshwa na trekta la Mzee Nassoro likikataa kuwaka. Lilikuwa jekundu zamani; sie tulilikuta na rangi ya kutu. Lilivuta tela la mchanga na mapipa ya maji, na tulilipa jina Shangazi, kwa sababu lilikuwa haliamki mpaka libembelezwe.

Mzee Nassoro alikuwa na duka pale. Familia yake ya Kiarabu ilikaa mtaani kabla yetu sote tuliotoka bara na masanduku yetu ya bati. Kila jioni aliliegesha trekta kwenye mteremko wa nyuma ya duka, pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi starta ikigoma, jiwe linatolewa, watoto tunasukuma, linateremka, naye anaachia klachi. Shangazi anakohoa, anatema moshi mweusi, anaamka. Zawadi yetu ilikuwa kashata moja kwa watu wawili, na hapo ndipo urafiki mwingi ulipokufa.

Yule mzee hakuwa mchoyo wa elimu. Alituambia, "Betri ikilala, starta inasema tik, tik, kama mtu anayesonya. Dizeli ikiingia upepo, injini inazunguka lakini haishiki. Msikilize kwanza mgonjwa, ndipo mchukue spana." Lakini kitu tulichokigombania kuliko kashata kilikuwa kishikio kidogo cheusi kando ya usukani. Ukikivuta, dizeli inakatika na injini inazima. Asubuhi lazima kisukumwe ndani, la sivyo utasukuma trekta mpaka Bagamoyo. Tulikisukuma kwa zamu, na mwenye zamu alitembea siku nzima kama rubani wa ndege.

Sasa, dada yangu Veronika alikuwa afunge ndoa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Ndoa ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili na upande wa bwana harusi, watu wa Tabata, na mjomba wao mmoja alikwishaanza kusema labda Mungu anaonyesha jambo. Padri naye alisema wazi: saa nne kamili, akimaliza anakwenda kigango kingine. Ukichelewa, usubiri mpaka Pasaka ipite. Basi mvua ikanyesha siku tatu, na gari la kukodi likazama kwenye tope kule chini, likabaki linaonyesha paa.

"Mie leo siahirishi," Dada Vero alisema, shela lake amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki. "Hata kwa mkokoteni nitakwenda."

Mzee Nassoro akasikia akiwa dukani. "Mkokoteni wa nini, mwanangu, na Shangazi yupo?" Akafagia tela, akatandika mikeka, wanakwaya wakapanda na bibi harusi katikati. Mama yangu hakupanda tela. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na mtaa mzima, hata baba, ulimwita Mwalimu. Alikaa juu ya bati la gurudumu, kando ya dereva, ili asimamie.

Mzee Nassoro akawasha. Injini ikazunguka vizuri kabisa, haikushika. Akarudia. Haikushika.

"Nassoro, umeweka dizeli?" Mama akauliza.

"Nimeweka, Mwalimu."

"Umeangalia, au unakumbuka?"

Mzee wa watu mwenye ndevu nyeupe akafungua tangi, akachovya kijiti, akamwinulia Mama akione, kama mtoto anayeonyesha daftari. Mama akatikisa kichwa: sawa, endelea.

Baba, ambaye alikuwa karani na hakuwahi kushika spana, akatangaza kuwa ni betri. Akamwagia vichwa vya betri maji ya moto, akavisugua kwa leso yake ya harusi mpaka vikang'aa. Injini ikazunguka kwa furaha zaidi, haikushika. Mzee Nassoro akalegeza nati ya chujio, akapampu kwa mkono, povu likatoka, halafu dizeli safi. Upepo umekwisha. Akawasha. Wapi.

Ikawa saa tatu imepita. Tukatoa jiwe. Watoto, wapiga ngoma wa kwaya na baba mwenye suti tukasukuma. Shangazi akateremka, klachi ikaachiwa, magurudumu yakaburuzika kwenye tope, bibi harusi akaruka na mkeka wake, kisha kimya. Nusu ya mteremko ilikuwa imekwisha. Imebaki nusu, maana yake tumebakiwa na kusukuma mara moja tu. Kule kwenye tela niliona Dada Vero anauma midomo asilie, wanja usiharibike.

"Hata moshi haukutoka," Mzee Nassoro alisema taratibu. "Ingekuwa betri, Shangazi angeamka kwa kusukumwa. Dizeli haifiki." Akalala chini kwenye tope, akaingia uvunguni.

Aliposema dizeli haifiki, macho yangu yakaenda kwenye kile kishikio cheusi. Sikukiona. Niliona pochi ya Mama. Aliitundika pale kwa mikanda yake miwili alipopanda, isichafuke: pochi yenye Biblia, kitabu cha nyimbo, chupa ya uji na viatu vya akiba. Chini ya mikanda hiyo kishikio kilikuwa kimevutwa nje chote na uzito wake, kama ulimi wa mbuzi.

"Mama," nikasema, "pochi…"

"Una haja ndogo?"

"Hapana, lakini pochi…"

"Basi nyamaza. Wakubwa wanafikiri."

Nyie wa umri wangu mnaelewa. Kumwambia mzazi amekosea, tena mwalimu, tena mbele ya kwaya, lilikuwa kosa ambalo adhabu yake haikusubiri kufika nyumbani. Lakini Dada Vero alikuwa analia sasa, waziwazi. Nikapiga magoti, nikaingia uvunguni na sare yangu nyeupe, nikamnong'oneza Mzee Nassoro sikioni.

Niliona tumbo lake linatikisika kwa kicheko alichokibana. Akajifuta uso kwa kilemba, akanitazama kwa ukali wa uongo, akatoka nje na sura ya daktari mwenye habari nzito.

"Mwalimu, nisaidie jambo. Kuna nati moja ya mwisho, nikiilegeza dizeli itaruka. Ile pochi yako nzuri, sitaki ilowe. Ipakate."

"Hilo la maana," Mama akasema, akaiondoa.

Mzee Nassoro akakisukuma kishikio kwa kidole gumba huku anakohoa kuficha mlio wake. Akagusagusa nati ambayo haikuwa na kosa lolote. Halafu akasema tusukume, na kila mtu akashuka kusukuma isipokuwa yeye dereva, Mama na bibi harusi. Nusu ile ya mteremko ikaliwa, ikaliwa, ikabaki hatua kumi tufike kwenye migomba ya bondeni, na Shangazi akashika. Moshi ukaifunika kwaya yote. Waliokuwa na mashati meupe walifika kanisani kama wauza mkaa, padri akiwa mlangoni anatazama saa yake, na ndoa ikafungwa.

"Ilikuwa nini?" baba aliuliza njiani.

"Upepo," Mzee Nassoro akajibu.

"Mie niliujua tangu mwanzo," Mama akasema.

Juzi mtoto wa kwanza wa Dada Vero naye ameoa. Nilikuwa katika safari zangu, nikakatiza ili niwahi. Nje ya ukumbi gari la maharusi likagoma, likapiga kelele na kuandika kwenye kioo kwamba mlango wa nyuma haujafungwa. Aliyeuacha wazi alikuwa mama mdogo wa bibi harusi. Vijana watano, simu tano. Hakuna aliyenyoosha mkono kuufunga mpaka wote wamemaliza kurekodi. Kabla keki haijakatwa, kosa la yule mama lilishafika Mbagala na kurudi. Hakucheza hata wimbo mmoja.

Mama amefariki, na aliondoka akiamini ulikuwa upepo. Siku ya msiba wake, tukiwa mkekani, nikawaambia wale wanakwaya wa zamani siri yangu ya pochi. Wakatazamana. Mmoja akasema aliiona alipokuwa anasukuma. Mwingine akasema aliiona Mama alipoiinua. Baba, miwani mkononi, akasema aliijua usiku uleule, alipokuwa anaitafutia pochi ile mahali pa kuitundika, akakumbuka ilikotundikwa asubuhi. Watu kumi na kitu, miaka yote ile, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayemfichia Mwalimu.